Nchi Iliyojibu Hayupo

Nimetembea nchi kadhaa na kuona sheria za kila aina, lakini Mapyani ndiyo nchi pekee iliyonifanya niseme uongo kabla sijavuka mpaka, tena uongo wa adabu. Naandika haya kwa sababu watu wa nyumbani hawaachi kuniuliza kwa nini siwezi kurudi kule, na nimechoka kuwajibu kwa mkato.

Karani wa mpakani alikuwa mpole, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Aliandika jina langu, Salehe Mtengeti, kisha akaniuliza, "Kuna wa zamani?" Nilidhani anauliza kama nimefuatana na mzee. Walionitangulia kwenye foleni wote walikuwa wamejibu "Hayupo" harakaharaka, kama mtu anavyojibu "salama" huku ana homa, nami sikutaka kuonekana mgeni kupita kiasi. Nikasema hayupo. Akagonga muhuri, akanipa karatasi iliyoeleza kwamba Salehe Mtengeti, umri wake siku moja, ameingia Mapyani akiwa mzima. Nilikuwa na miaka hamsini na minane, na magoti yaliyoijua yote. Nilipomwonyesha kosa alinijibu kwamba hakuna kosa, kwani mtu huhesabiwa umri tangu siku aliposema hayupo. Nikaona ni mzaha, nikaikunja ile karatasi na kuitia mfukoni.

Kumbe haukuwa mzaha. Mapyani kila nyumba ina kompyuta moja, nayo hukaa sebuleni mahali pa heshima, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na hakuna anayeketi akiipa mgongo. Ndani yake mna kila kitu cha nyumba: picha za harusi, barua, vyeti, majina ya dawa, sauti za waliosafiri. Mara moja kwa mwaka serikali huteremsha Toleo jipya, na usiku huohuo kompyuta zote za nchi hubadilika. Siku ya Toleo ndiyo sikukuu yao kubwa. Watu huvaa nguo mpya, hupaka kuta chokaa na kuanza kuhesabu umri upya, kwa kuwa sheria inasema nyumba ikipata Toleo jipya, waliomo nao ni wapya. Yule waliyekuwa mpaka jana huitwa wa zamani, na si adabu kumtaja. Nilitambulishwa kwa mzee mmoja asiye na jino hata moja, akaniambia bila kutabasamu kwamba ana miezi kumi na moja. Shikamoo wameifuta, maana wote ni rika moja. Badala yake huulizana, "Umezima ukawasha?" na jibu ni "Nimewasha," hata kwa mtu aliye kitandani.

Salamu hiyo ina asili yake. Kompyuta ikisumbua, jambo la kwanza ni kuizima na kuiwasha, na hilo hata kwetu tunalijua. Lakini wenzetu wameliona dawa nzuri kiasi cha kuwapa na watu. Anayelalamika ofisini hutakiwa atoke nje, afunge mlango, ahesabu hadi kumi, kisha aingie na kusalimu upya. Akiwa bado analalamika, ndipo husikilizwa. Mahakamani mshtakiwa hufanya vivyo hivyo, na hakimu pia. Nilihudhuria msiba mmoja ambapo wafiwa wote walitoka nje ya nyumba, wakangoja, wakaingia tena, na ndipo msimamizi akatangaza kwa huzuni kwamba marehemu bado ni marehemu. Sikuweza kucheka. Mama mmoja kati yao alikuwa ameingia na tumaini usoni, na nilimwona lilipomtoka.

Nilipanga chumba kwa Bi Tunu, mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu kwa hesabu ya kwetu, aliyeshona mapazia ya watu mpaka macho yakamchosha. Mumewe, Mzee Mshamu, alikuwa mpima ardhi. Miaka minne kabla sijafika, Mzee Mshamu alianza kusahau. Alisahau funguo, kisha majirani, kisha binti yao Hidaya aliyeolewa mbali, na mwisho akawa anaamka asubuhi bila kumjua mtu yeyote, akiwemo yeye mwenyewe. Bi Tunu alimweleza kila siku, na kila siku hakuamini. Nani angekubali kupokea maisha yake yote kutoka kinywani mwa mtu asiyemjua? Ndipo mama yule akapata wazo. Saa zile ambazo akili za Mzee zilirudi, alimkalisha mbele ya kompyuta na kumwomba ajieleze mwenyewe kwa sauti yake. Wakafanya hivyo miaka minne.

Asubuhi yangu ya kwanza nyumbani kwao, Mzee alitoka chumbani ameshika ukuta, akatutazama kama aliyeingia nyumba ya watu kwa bahati mbaya. Bi Tunu hakumsemesha. Alimmiminia chai, akaiweka mbele yake, akakunja kile kitambaa na kubonyeza. Ikatoka sauti ya Mzee mwenyewe, nzito, yenye kujiamini.

"Wewe unayesikiliza ni mimi. Unaitwa Mshamu. Ulikuwa unapima ardhi. Gusa goti lako la kulia, kuna kovu. Ulianguka na pikipiki ukimwahi huyu mwanamke aliyekaa mbele yako. Anaitwa Tunu, Mama Hidaya. Usimwite mama, anaudhika. Ukisahau usiogope, mimi nakukumbukia."

Sauti iliendelea karibu dakika sita, ikataja nyumba, binti, rafiki aliyefariki, wimbo alioupenda. Mzee aligusa goti lake. Nilimwona akirudi kidogo kidogo, mabega kwanza, kisha macho. Ilipokwisha alinyanyua kikombe, akaonja, akakirudisha mezani.

"Mama Hidaya, chai hii imepoa," alisema.

Baadaye, tukichambua mchele, nilimshauri Bi Tunu awe anamimina chai sauti ikishakwisha. Alinitazama kwa huruma, kama ninavyowatazama wanafunzi wangu waliomaliza shule bila kujua kusoma saa. Akaniambia huwa anaimimina mapema makusudi. Mtu akiwa kwa watu wasiomjua hunywa chai ilivyo na kushukuru. Anayelalamika chai imepoa ni mume aliye nyumbani kwake. Malalamiko hayo, alisema, ndiyo yanayomwambia kwamba Mshamu amefika.

Siku yangu ya tano ikawa Siku ya Toleo la Kumi na Mbili. Redio ilikuwa imelisifu wiki nzima, kwamba ndilo Toleo la kwanza linalomsikiliza mwananchi. Tulivaa vizuri tukakaa mbele ya kompyuta. Kioo kikang'aa, kikauliza: Kuna wa zamani katika nyumba hii? Chini yake yaliandikwa maneno mawili, Yupo na Hayupo. Bi Tunu alibonyeza Hayupo bila kusoma, kama alivyobonyeza miaka yote, kama walivyobonyeza nchi nzima asubuhi ile. Matoleo yaliyotangulia yaliuliza kwa adabu, yakajibiwa kwa adabu, na mambo yakaishia hapo. Hili la Kumi na Mbili lilisadiki.

Kesho yake kioo kilikuwa kizuri kweli, na picha ya kilima cha kijani kibichi, na maneno makubwa: Karibu Tunu, tumefurahi kukufahamu. Chini ya maneno hayo hapakuwa na kitu. Picha hazikuwepo, barua hazikuwepo, na folda ya sauti za Mzee haikuwepo hata kwa jina. Bi Tunu alikuwa bado anabonyeza huku na huku Mzee alipotoka chumbani. Alisimama wima, akajiweka sawa kola, akamwinamia kidogo mkewe.

"Shikamoo, mama," alisema.

Neno hilo lilikuwa limefutwa miaka mingi, na Mzee alilitoa ujanani mwake, alikokuwa ameamkia asubuhi hiyo. Bi Tunu aliondoa mkono kwenye kompyuta. Aliitikia marahaba, kwa kuwa salamu haiachwi hewani, kisha akaenda jikoni. Niliyasikia masufuria wakati hapakuwa na cha kupika. Mzee alikunywa chai yote, akashukuru.

Tulijaribu yote wanayojaribu watu. Tuliizima na kuiwasha mara saba. Tulichomoa nyaya na kuzirudisha. Majirani walikuja, kila mmoja na elimu yake: huyu akasema ipulizwe vumbi, huyu akasema igeuzwe itazame mlango, na bibi mmoja wa siku mbili akasema labda tumeikosea, tuiombe radhi. Bi Tunu aliiomba radhi. Sikuipenda siku hiyo, na nilijichukia kwa kutokuwa na ushauri bora.

Tukaenda Ofisi ya Malalamiko Yanayokubalika. Tulitoka, tukahesabu, tukaingia tena, na Bwana Tindwa, ofisa wa zamu, akatukaribisha viti. Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya, ingenirahisishia kazi ya kuandika. Alikuwa msikivu, na mezani aliweka karafuu kwenye kisahani ili chumba kinukie. Lakini Bi Tunu alipoanza kueleza, alimsimamisha kwa mkono na kumpa kitabu. Mapyani haruhusiwi mtu kueleza tatizo kwa maneno yake, kwa sababu kila mtu akieleza lake, mafundi watachanganyikiwa. Zipo sentensi arobaini zilizopitishwa, na mlalamikaji huchagua moja.

Tulizisoma zote. Palikuwa na kioo hakiwaki, kipanya cha kubonyezea kimekwama, mashine inapiga kelele. Hapakuwa na sentensi ya kupoteza. Nilipouliza sababu, Bwana Tindwa alinieleza kama anavyoeleza mtu jambo alilolikubali tangu utoto. Alisema aliyepoteza ni lazima awe alikuwa nacho, na aliyekuwa nacho ni lazima awe alikuwepo. Sasa mama huyu ana siku mbili tangu Toleo, katika siku mbili amepata nini cha kupoteza? Hakuwa anadhihaki. Alimwonea Bi Tunu huruma, akamsaidia kutafuta sentensi iliyo karibu zaidi. Wakachagua ya tisa: Sauti haitoki.

Basi kesho yake akaja Fundi Kitwana, mtu wa makamo mwenye begi la vifaa, akatuletea spika mbili kubwa mpya. Alizifunga vizuri, akazijaribu kwa muziki wa sikukuu uliotetemesha vikombe kabatini. Mzee Mshamu aliziba masikio. Fundi akaandika kwenye fomu yake kwamba sauti inatoka, Bi Tunu akatia sahihi, kwa maana ilikuwa inatoka kweli. Niliona Fundi Kitwana anataka kusema jambo mlangoni, akajizuia, akaenda zake.

Nilikwenda Barazani kusikiliza wakubwa wao, nikidhani pengine wananchi wengine wamelalamika pia. Walikuwa wamelalamika, maelfu, wote kwa sentensi zisizo zao. Nchi nzima siku zile ilikuwa inapelekewa spika. Mjadala ulikuwa kama sentensi ya arobaini na moja iongezwe. Upande mmoja ulisema iongezwe. Upande wa pili ulisema kuongeza sentensi ni kukiri kwamba kitabu kilipungua, na kitabu kikipungua basi Toleo lililokitoa lilipungua, na Toleo likipungua basi sisi tuliozaliwa nalo ni watu pungufu. Mzungumzaji wa mwisho alilia aliposema hivyo. Wakakubaliana wote watoke nje na kuingia upya, na walipoingia wakaanza ajenda nyingine. Niliambiwa mjadala huo una umri mkubwa kuliko mtu yeyote nchini.

Nyumbani mambo yalizidi. Siku ya nne ya kutengwa na sauti yake, Mzee Mshamu alikataa chakula, akasema hawezi kuendelea kula kwa watu wasiomdai undugu. Siku ya tano nilimkuta sebuleni amefunga nguo zake ndani ya shuka. Alinieleza kwa heshima kwamba wenyeji wamemfadhili vya kutosha na sasa anakwenda kwao, mkewe atakuwa na wasiwasi. Bi Tunu alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe mkononi. Alimwomba angoje mvua ipite. Mvua haikuwepo, lakini Mzee alikuwa mtu wa adabu, akakaa kuingoja.

"Leo amekaa," Bi Tunu aliniambia jikoni. "Kesho atatoka, mdogo wangu, na nikimfuata njiani ataona mwanamke asiyemjua anamfuata. Nitamshika vipi mume wa watu?"

Nilirudi sebuleni kwa hasira, nikaketi mbele ya ile kompyuta, na kwa mara ya kwanza niliitazama bila kuiogopa. Mimi si fundi. Nimefundisha hesabu miaka thelathini, na jicho la hesabu huangukia vipimo. Pembeni mwa kile kilima cha kijani palikuwa na maandishi madogo: nafasi iliyobaki, kidogo sana. Nilimwita Bi Tunu nikamuuliza ilisomaje kabla ya Toleo. Alisema ilisoma vivyo hivyo. Sauti za miaka minne zilikuwa zimeijaza mpaka pomoni, na alikuwa akihofia.

Mchana Fundi Kitwana alikuja tena, maana tulikuwa tumechagua sentensi ya thelathini na moja, mashine inakwenda polepole. Nilimngoja afungue begi, ndipo nikamuuliza.

"Fundi, kama nyumba ni tupu, mbona haina nafasi?"

Aliweka bisibisi chini. Alitazama mlango, akamtazama Mzee Mshamu aliyekuwa na furushi lake mapajani, kisha akasema kwamba ameapishwa asizungumze tatizo lolote lisilo ndani ya kitabu, lakini hili nililosema si tatizo, ni swali, na kujibu maswali hakuna aliyemkataza. Akakaa.

Vitu vyote vimo, alisema. Toleo halikufuta hata picha moja. Limemtengeneza Tunu mpya, likampa chumba kitupu, na cha Tunu wa zamani limekifunga pamoja na vyote alivyoweka, kwa sababu mwenye nyumba kwa mkono wake amesema hayupo. Vya mtu asiyekuwepo hafunguliwi mwingine, hata akiwa na uso uleule. Kila nyumba aliyoingia wiki ile ilikuwa hivyo, vyumba viwili, kimoja kitupu na kimoja kimejaa, na watu wanalia katika kile kitupu. Yeye mwenyewe nyumbani kwake analia humo.

"Nani anaweza kufungua?" Bi Tunu aliuliza.

"Wa zamani mwenyewe, mama. Uende ofisini useme yupo."

Alisema neno "mama" kama mwana, na nadhani hakutambua. Kisha akatueleza gharama yake. Anayesema yupo hufutwa kwenye daftari la wapya. Kompyuta yake hurudishwa Toleo la nyuma na kubaki hapo daima. Toleo jingine halitateremka katika nyumba hiyo, fundi hatakanyaga, na siku mashine itakapokufa itazikwa na vilivyomo. Hataalikwa kwenye sikukuu wala kuruhusiwa kuzungumza na wapya. Watoto watafundishwa kumpita bila kumsalimu, maana salamu yao hana jibu lake. Na lazima awepo shahidi, mtu aliyemjua kabla ya Toleo na ambaye yeye pia ana zamani. Nchini hakuna. Wote walishasema hayupo.

Nilitoa ile karatasi ya mpakani mfukoni. Fundi Kitwana aliisoma, akatikisa kichwa. Mtoto wa siku kumi hawezi kumshuhudia mtu. Ingebidi kwanza mimi niseme yupo, na mgeni anayesema yupo hutakiwa kuwa nje ya mpaka kabla ya saa sita mchana wa siku inayofuata, wala haruhusiwi kurudi tena.

Sitajifanya shujaa. Nilikuwa nimepanga kukaa Mapyani miezi mitatu, na kitabu cha safari nilichokuwa nikiandika kilikuwa hakijafika nusu. Nililifikiria jambo hilo muda wa kumaliza kikombe kizima. Nilimwambia Bi Tunu kwamba mashine yenyewe ni kuukuu, huenda isimalize hata mwaka, na yeye atabaki bila fundi, bila jirani. Nilitaka awe na hakika, au nilitaka anipe ruhusa ya kukataa. Mpaka leo sijui ni lipi.

"Siombi idumu," alisema. "Naomba itufikishe."

Asubuhi iliyofuata tulikwenda watatu, kwa sababu Mzee hakuweza kuachwa. Mlangoni mlinzi alituambia tutoke na kuingia upya. Bi Tunu akakataa. Alisema kwa upole kwamba ameingia mara moja na inatosha, akapita. Bwana Tindwa alisimama alipotuona. Nadhani alijua, kwa kuwa hatukusalimu kwa salamu yao.

Nilianza mimi. Nilisema jina langu, nikasema ndani yangu yupo wa miaka hamsini na minane, mwalimu, mjane, mwenye magoti mabovu na uongo mmoja alioutamka mpakani, na kwamba ninaomba radhi kwa uongo huo. Kalamu ya Bwana Tindwa ilikwaruza karatasi. Nilishangaa jinsi kifua kilivyonipungua uzito, kwa maana sikuwa nimejua kwamba nilikuwa nimekosekana.

Kisha akamgeukia Bi Tunu. Alijaribu kumzuia, na alijaribu kwa wema. Alisema, mama huyu wa siku saba ana maisha mbele yake mazuri, mepesi, hana deni la kumbukumbu, hana mgonjwa. Sheria haimtambui hata huyu mzee kuwa mumewe, kwani ndoa ni ya wa zamani. Angeweza kutoka mlangoni sasa hivi akiwa huru, na hakuna ambaye angemlaumu. Bi Tunu alimsikiliza mpaka mwisho. Mzee Mshamu alikuwa amekaa kati yetu na furushi lake, akitazama karafuu kwenye kisahani, mgeni wa sisi sote.

Bwana Tindwa alifungua daftari akasoma swali kama lilivyoandikwa.

"Kuna wa zamani?"

"Yupo," alisema Bi Tunu. Akaweka mkono juu ya furushi la mumewe. "Na huyu naye yupo."

Fomu ilichukua muda kupatikana. Ilikuwa chini kabisa ya mtoto wa meza, karatasi yake imegeuka njano. Bwana Tindwa aliijaza taratibu, akagonga muhuri, akampa. Lakini hakuiachia mara moja. Akiwa ameinamisha uso, aliuliza kwa sauti ya chini kama chumba kile kikishafunguliwa vitu hukutwa vilivyoachwa, kwa mfano barua za mama mzazi. Bi Tunu alimjibu kwamba hajui, atakapofungua atamwambia. Ndipo sote tukakumbuka kwamba hataruhusiwa kumwambia. Bwana Tindwa akaachia karatasi, akamwita aliyefuata.

Usiku wangu wa mwisho sina la kuusimulia, nililala. Kulipopambazuka nilifunga mzigo wangu na kuuweka mlangoni. Majirani walikuwa wamekwisha kuanza kupita upande wa pili wa njia. Sebuleni Bi Tunu alikuwa amezichomoa zile spika kubwa na kuziegemeza ukutani. Kile kilima cha kijani kilikuwa kimekwenda zake, na mahali pake palikuwa na picha ya zamani ya msichana wa shule, Hidaya, jua likimpiga machoni. Kando yake folda zilikuwa zimejipanga ovyo kama alivyoziacha mwenyewe.

Mzee alitoka chumbani na furushi lake, amevaa viatu tayari kwa safari. Alimwona Bi Tunu akafungua mdomo kumwamkia, lakini Bi Tunu alikuwa amekwisha kumimina chai, na mkono wake ulikuwa kwenye kitufe. Nilidhani hatabonyeza. Akabonyeza.

"Wewe unayesikiliza ni mimi," ilisema sauti.

Mzee alikaa ukingoni mwa kiti bila kuachia furushi. Siku sita alikuwa hajajisikia, na sauti ilizungumza peke yake kwa muda mrefu. Ilitaja jina, akabaki vile vile. Ilitaja goti, na mkono haukwenda. Nilitazama saa yangu; nilipaswa kuwa njiani. Bi Tunu alikuwa ameinamisha kichwa na hakumtazama, nadhani hakuthubutu. Zikapita dakika zote sita, ikataja binti, ikataja rafiki, ikataja wimbo, na ikanyamaza.

Mzee Mshamu aliliweka furushi chini, akavuta kikombe, akaonja.

Alikirudisha mezani, akakunja uso.